Usiisubiri Siku ya Tingatinga

Swali: "Wakazi wa mtaa mmoja wa nyumba za umma wameniomba niandae filamu ya hali halisi kuhusu mapambano yao. Wameambiwa majengo yatabomolewa kupisha mradi mpya, nao wamekataa kuondoka. Nina kamera, maikrofoni mbili na mwenzangu mmoja wa kunisaidia. Nianzie wapi? Nikiwahoji na maofisa wa mamlaka ya nyumba, si nitaonekana nimewasaliti wakazi? Na filamu itaishaje iwapo hakuna ajuaye kama watashinda?"

Ndugu mwandaaji,

Kabla ya hayo uliyouliza kuna moja hukuliuliza, nalo ndilo litakaloamua mengine yote: filamu yako inahusu nini hasa? Ukisema "ubomoaji", wengi huona tingatinga, ukuta unaoporomoka, vumbi, na mama aliyesimama kando na godoro lake. Nakusihi usiijenge filamu juu ya siku hiyo. Siku ya tingatinga ni ya mwisho katika mlolongo mrefu. Mtaa ulianza kubomolewa zamani, fundi wa lifti alipoacha kuja. Uliendelea kubomolewa nyumba iliyobaki wazi ilipopigiliwa mbao badala ya kupewa familia nyingine, na pale kikao kilipopitisha ripoti ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuisoma. Ukiisubiri siku ya vumbi, utakuta uamuzi umekwishafanyika bila wewe kuurekodi.

Nitakupa mfano unaoniuma kila ninapoukumbuka. Pruitt-Igoe, huko St. Louis nchini Marekani, ulikuwa mtaa wa majengo 33, kila moja la ghorofa 11, uliofunguliwa kuanzia 1954. Mwaka 1972 majengo ya kwanza yalilipuliwa kwa baruti mbele ya kamera, na kufikia 1976 hakuna lililobaki. Picha ile ya jengo likikunjamana na kumezwa na vumbi imeizunguka dunia. Imetumika kuthibitisha kila dai: kwamba maskini hawajui kuishi ghorofani, kwamba serikali haiwezi kujenga nyumba ikazitunza. Mwaka 1977 mhakiki Charles Jencks aliutumia ubomoaji huo kutangaza kifo cha usanifu majengo wa kisasa. Sasa waulize walioiona picha hiyo ni wangapi wanaojua kwamba mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis, wa Pruitt-Igoe wakiwemo, waligoma kulipa kodi kwa miezi kadhaa, mamlaka ikalazimika kukaa nao mezani. Mwishoni mwa mwaka huohuo bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichoweka kikomo: mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Watu wale walipigania nyumba zao, na wakapata kitu kilichowafaa wapangaji nchi nzima. Lakini mgomo wa kodi hauna mlipuko, na kwa hiyo karibu umesahaulika, huku vumbi likikumbukwa.

Basi anza bila kamera. Nenda kwenye vikao vya wakazi, kaa nyuma, sikiliza. Kamati iliyokuita si mtaa mzima. Kuna wasioisemesha kamati, kuna waliochoka, kuna vijana ambao hakuna aliyewaita kwenye kikao chochote, na wapo wanaotaka kuhama na wana sababu zao: mguu mbovu na lifti isiyofanya kazi, mtoto mwenye pumu na ukuta wenye ukungu. Hao lazima wawemo kwenye filamu. Najua kamati itanung'unika. Waeleze mapema na kwa upole kwamba ukimficha jirani anayetaka kuondoka, mamlaka itamtafuta, itamweka mbele ya kamera yake yenyewe, na itasema huyu ndiye sauti ya mtaa. Akiwa kwenye filamu yako, atapata nafasi ya kumaliza sentensi yake. Mara nyingi atasema angebaki kama lifti ingetengenezwa.

Kwenye ridhaa usiwe na haraka hata kidogo. Mpangaji wa nyumba ya umma anaishi chini ya mkataba, na mkataba huo mara nyingi hutaja nani aruhusiwe kulala humo. Katika picha yako nzuri ya familia mezani anaweza kuwamo mpwa ambaye jina lake halimo, au mjukuu aliyekuja kwa majuma mawili akakaa miaka miwili. Anaweza kuwamo mtu asiye na kibali cha ukaazi. Ukutani pengine imening'inia barua yenye namba ya nyumba na kiasi cha kodi anachodaiwa. Unachokiona wewe ni maisha, ila wakili wa mwenye nyumba ataona sababu ya kuitoa familia hiyo bila fidia wala nyumba mbadala. Kwa hiyo usimpe mtu fomu asaini siku ya kwanza mlangoni. Mweleze kwanza mabaya yanayoweza kumpata, kisha mazuri. Muulize kila mtu mzima wa nyumba hiyo, asiwe mwenye mkataba peke yake anayewasemea wote. Na urudi kumuuliza kila hali inapobadilika: kesi ikifunguliwa, notisi ikitolewa, au akipewa nyumba mpya na mamlaka ileile aliyoilaumu mbele ya kamera yako mwezi uliopita.

Kabla ya kufunga uhariri, kaa na kila mhusika umwonyeshe sehemu zake. Mpaka wa haki hiyo mkubaliane tangu mwanzo. Ana haki ya kuzuia kinachomhatarisha yeye au watoto wake, ila hana haki ya kuamua nani alaumiwe na nani asifiwe. Bila makubaliano hayo utajikuta umeandaa tangazo la kamati, na mtazamaji asiye wa mtaa ule atalinusa ndani ya dakika tano.

Picha ghafi nazo zina hatari yake. Weka nakala mbili nje ya mtaa, zote zikiwa zimefungwa kwa nywila. Umwone wakili wa nchi yako akueleze kama polisi au mahakama wanaweza kukulazimisha uzitoe, na kama mwandishi au mwandaaji wa filamu ana kinga yoyote. Ikiwa kinga hakuna, iko mikutano ambayo kamera yako haina shughuli humo, hasa ile ya kupanga nani atasimama langoni na saa ngapi.

Sasa nije kwenye uchakavu, maana hapa ndipo filamu nyingi za aina hii huteleza. Wakazi wengi watakuomba uuonyeshe mtaa ukiwa safi. Wana haki ya kuomba hivyo. Kwa miaka mingi wapiga picha wamekuja, wakapiga jalala na ngazi zenye mikojo, wakaondoka. Lakini ukiufuta ukungu ukutani, umeifuta hoja yao kubwa kuliko zote. Hoja ya mamlaka karibu kila mahali ni hii: majengo yamechakaa mno, ukarabati ni ghali kuliko kujenga upya. Swali linalofuata ni nani aliyeyaacha yachakae. Uonyeshe ukungu, kisha uulize ulianza lini, uliripotiwa kwa nani, aliyekuja kuutazama alisema nini, na baada yake alikuja nani. Karibu kila mtaa una mtu aliyehifadhi kila barua ndani ya faili, mara nyingi mama wa makamo au mzee mstaafu ambaye wengine humwona msumbufu. Mtafute huyo. Faili lake ndilo uti wa mgongo wa filamu yako.

Jambo jingine lisilogharimu kitu: chagua pembe moja inayoonyesha jengo zima la mkabala. Weka tripodi mahali palepale, lenzi ileile, saa ileile ya jioni, urekodi dakika mbili kila mwezi. Familia zitahamishwa moja moja na madirisha yatazibwa. Taa zitapungua. Ukiziunganisha dakika hizo utakuwa umeonyesha kitu ambacho hakuna mahojiano yatakayokieleza, jinsi mtaa unavyoondolewa watu kidogo kidogo hadi waliobaki waonekane wakaidi wachache wanaozuia maendeleo. Usianze mwezi ujao. Anza juma hili, kwa kuwa taa zilizokwisha kuzimika hutazirekodi tena.

Halafu zifuate karatasi. Najua waandaaji wanaziogopa, wakidhani zinachosha. Karatasi haichoshi ikiwa mikononi mwa mtu inayemhusu. Mpe mpangaji ripoti iliyoamua hatima ya nyumba yake, mwache aisome kwa sauti mezani kwake, kwa mara ya kwanza, na usimkatize. Pale atakapokwama, atakaporudia mstari, au atakapoinua macho na kuuliza "hapa wanamaanisha nini?", hapo umepata onyesho ambalo usingeweza kulipanga.

Na ndani ya karatasi hizo ndimo hesabu zilimo. Chukua mfano wa Heygate, kusini mwa London: nyumba zipatazo 1,200 zilizobomolewa kati ya 2011 na 2014. Mradi uliochukua nafasi yake ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 2,000, na kati ya hizo, zile za kodi nafuu kama waliyokuwa wakilipa wapangaji wa zamani hazikufika 100 katika mpango uliopitishwa. Ilidaiwa kwamba hesabu za mradi haziruhusu zaidi ya hapo, na hesabu zenyewe zikawa siri. Mkazi wa zamani wa mtaa huo aliziomba chini ya sheria ya uhuru wa habari, na mwaka 2014 baraza la rufaa likaamuru sehemu yake itolewe. Kama nchi yako ina sheria ya kupata taarifa, saidia mtu wa mtaa kuandika ombi la aina hiyo, urekodi anapoliandika, anaposubiri, na anapofungua jibu. Hata jibu la kukataliwa ni sehemu ya hadithi.

Ahadi nazo zirekodi siku zinapotolewa, tarehe ikionekana. Ahadi iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya haki ya kurudi. Chicago ilianzisha mwaka 2000 mpango mkubwa wa kubomoa maghorofa ya nyumba za umma, kwa ahadi ya kukarabati au kujenga nyumba 25,000 ndani ya miaka 10. Miaka hiyo ilipita kazi haijaisha. Wapangaji walikuwa na haki ya kurudi kwa maandishi, lakini katika mitaa mipya iliyochanganya watu wa vipato tofauti waliwekewa masharti: kufanya kazi saa kadhaa kwa juma, na kwingine kupimwa dawa za kulevya, jambo ambalo jirani aliyenunua nyumba mlango wa pili hakutakiwa kulifanya kwa sharti la mwenye nyumba yeyote. Anayeahidi leo mbele ya kamera yako muulize papo hapo: kodi itakuwa kiasi gani, mkataba utakuwa wa aina gani, na nani atahesabiwa kuwa na sifa ya kurudi.

Hapo nimeshaanza kukujibu swali la pili. Wahoji maofisa, ndiyo, bila wasiwasi. Wakazi wakuite msaliti kwa sababu gani, ikiwa unawauliza maofisa maswali ambayo wakazi wenyewe wamenyimwa nafasi ya kuyauliza? Waombe kwa maandishi, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na uhifadhi kila barua. Usiwavizie kwenye maegesho ya magari. Mtazamaji humwonea huruma anayekimbizwa, na wewe utakuwa umepoteza jibu. Uliza mambo mahususi: gharama ya ukarabati ilikadiriwa na nani, lini, na je, kuna makadirio ya pili? Baadhi ya maofisa wanaamini kwa dhati kwamba wanawatoa watu kwenye mazingira mabaya, nao wapewe nafasi ya kulisema hilo kikamilifu, kwa kuwa hoja dhaifu ya upande wa pili huidhoofisha na ya wakazi. Wakikataa kabisa, andika kwenye filamu kwamba waliombwa, na tarehe zake.

Kuingia kwenye vikao vyao ni muhimu kuliko hata mahojiano. Tarehe 20 Desemba 2007, miaka miwili baada ya kimbunga Katrina, baraza la jiji la New Orleans lilipiga kura kuidhinisha kubomolewa kwa mitaa minne ya nyumba za umma, nyumba zipatazo 4,500 kwa jumla, wakati wapangaji wake wengi walikuwa bado wametawanyika miji mingine. Langoni polisi walitumia dawa ya pilipili na bunduki za umeme dhidi ya waliotaka kuingia. Picha za langoni ndizo zilizosambaa, na ilikuwa halali zisambae. Lakini uamuzi ulifanyika ndani ya ukumbi, na madiwani wote waliopiga kura walisema ndiyo. Ninyi ni wawili. Siku kama hiyo mmoja awe nje, mwingine akae ndani tangu asubuhi, awarekodi wanaonyanyua mikono. Jifunze sheria ya vikao mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 2014 ziliwapa wananchi haki ya kurekodi vikao vya wazi vya halmashauri, na kabla ya hapo halmashauri nyingine zilikuwa zikiwatoa watu wenye kamera.

Kwenye kumbi hizo sauti ni mwangwi mtupu, kwa hiyo weka kinasa sauti kidogo mezani karibu na msemaji, usitegemee maikrofoni ya kamera. Na katika mtaa wenyewe rekodi sauti peke yake, bila picha: ngazi wakati wa kutoka shule, mabomba, redio inayopenya ukutani. Utazihitaji chumba cha uhariri, na baadaye hazitapatikana popote.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Chunguza kila mfadhili, hasa mwendelezaji, yaani kampuni inayojenga mradi mpya, anayejitolea kugharimia "kumbukumbu ya mtaa" huku akiubomoa. Mwaka 1935 Uingereza ilitengenezwa filamu fupi iitwayo Housing Problems, miongoni mwa za mwanzo kabisa kuwaacha maskini waeleze wenyewe, wakiitazama kamera, jinsi wanavyoishi na panya na kuta mbovu. Ilikuwa hatua kubwa ya heshima kwa watu hao. Hata hivyo mlipaji alikuwa sekta ya gesi, iliyotaka vibanda vibomolewe na maghorofa mapya yafungwe majiko ya gesi, na filamu haina mkazi hata mmoja anayeuliza atahamishiwa wapi na kwa kodi gani. Mtaa wa Quarry Hill wa Leeds, uliosifiwa humo kama dawa, nao ulibomolewa mwaka 1978.

Tafuta pia sehemu ambako njia nyingine imejaribiwa ikafaulu, hata kama utaitumia dakika tatu tu. Huko Bordeaux, Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal pamoja na wenzao walikarabati majengo matatu ya mtaa wa Grand Parc yenye nyumba 530. Waliongeza mbele ya kila nyumba ukumbi mpana wa vioo, na wapangaji wakabaki humohumo wakati wa ujenzi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ulaya ya Mies van der Rohe mwaka 2019. Baada ya mtazamaji kuona hilo, neno "haiwezekani" la ofisa litamfikia kwa namna nyingine.

Swali lako la mwisho ni mwisho wa filamu. Usijifunge kwenye ushindi wala kushindwa, maana katika mambo ya nyumba vyote viwili hugeuka. Wakazi wa Cressingham Gardens, London, walishinda mahakamani Novemba 2015: jaji aliona halmashauri ilikosea kuondoa njia za ukarabati katikati ya mashauriano. Aliyezima kamera siku ile alikuwa na mwisho mtamu mikononi. Mwaka uliofuata halmashauri ilirudia mchakato ikaamua tena kubomoa, na kesi ya pili wakazi wakashindwa. Upande mwingine, Ronit Bezalel alianza kurekodi Cabrini-Green, Chicago, miaka ya 1990, na filamu yake kamili ikatoka 2015, karibu miaka 20 baadaye. Jengo la mwisho la ghorofa katika mtaa huo lilibomolewa 2011. Kwa kuwa hakukomea hapo, aliweza kuwaonyesha wachache waliorudi wakiishi kama wageni katika ardhi yao ya zamani.

Sikuambii nawe ukae miaka hiyo yote. Chagua kaya mbili au tatu tangu sasa, tofauti kwa umri na kwa msimamo, na uzifuate hadi mwaka mmoja baada ya kuhama au baada ya uamuzi wa kubaki, lolote litakalotokea. Rekodi nyumba mpya, umbali wa shule, na nani anamlea nani sasa hivi kwa kuwa jirani hayupo tena. Huko utaupata mwisho wako, na utakuwa wa kweli hata kama kesi bado iko mahakamani.

Wakati huohuo wakazi watahitaji vipande vifupi leo, kwa ajili ya kikao cha kesho au ushahidi wa wakili. Wape, ila mkubaliane ni vipi vitatoka sasa na vipi vinasubiri filamu, na mtu akisema "hiki kisitoke kabla sijahama" neno lake liheshimiwe. Kubalianeni pia picha ghafi zitahifadhiwa wapi kazi ikiisha, na nani wa mtaa atakuwa na nakala. Makubaliano hayo muyaandike na kuyasaini mapema, wakati kamati bado ina mahali pa kukutania.